Mfungulieni Huyo Mgeni

4 Machi

Mwanangu Kijiti,

Natumaini barua hii itakukuta umekula, maana nakujua, ukishika kazi unasahau tumbo. Sisi huku wazima. Baba yako mdogo aling'olewa jino, akashindwa kusema siku mbili nzima, na nyumba ikapata utulivu ambao sikuwahi kuuomba. Kaka yako kapata mtoto wa pili, wa kike, ana sauti kama king'ora. Mama yako hajambo, anakula.

Nimekupigia simu mpaka nimechoka kuambiwa na yule mwanamke wa mtandao kwamba hupatikani. Kaka yako ndiye aliyenieleza kwamba huko mnakopiga hiyo filamu simu zenu hukusanywa getini, watu wasije wakavujisha picha. Haya. Nimerudia kalamu.

Kazini kwetu, pale kwenye nyumba ya wazee, kuna jambo jipya. Duka moja la vifaa vya umeme limetupa skrini kubwa, tukaifunga kwenye ukumbi wa kulia, juu ya kabati la vikombe. Mkuu wetu akasema wazee wachague wenyewe watakachotazama Jumamosi mchana. Mimi nilidhani watataka kwaya, au zile filamu za wanyama. Wakapiga kura. Wametaka za kutisha. Mzee Dereva, aliyeendesha treni mpaka akastaafu, alisimama na fimbo yake akasema, "Mimi dawa ya presha nameza kila siku. Nataka nijue kama inafanya kazi."

Tukaanza na hiyo yenu, Mgeni wa Ghorofani, sehemu ya kwanza. Niliwaambia kwamba mwanangu ndiye aliyetengeneza uso wa yule mzimu kwenye sehemu ya tatu, na sasa yuko anatengeneza wa sehemu ya nne. Tangu hapo nimekuwa mtu mkubwa. Nimetumwa nikufikishie maoni. Bibi Mkutubi, aliyetunza maktaba ya shule maisha yake yote, anasema filamu ni nzuri mpaka pale mzimu unapoonekana, baada ya hapo ni mwanamke tu asiyechana nywele. Mzee Dereva anasema yule msichana aliyesikia kelele juu akapanda ngazi peke yake kwenda kuangalia, yote yaliyompata aliyataka. Na wote kwa pamoja wanauliza: mzimu wenyewe ni ajuza, mbona anashuka ngazi mbio? Magoti kayatoa wapi? Hapo mahali pa kutisha ukumbi mzima ulikuwa unacheka, watu wameshikana mabega.

Jibu upesi, wananiuliza kila siku.

Mama yako mdogo


27 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Barua yako imefika na duara la chai juu ya bahasha, nadhani dereva anayetuletea mboga aliigeuza kisahani. Yeye ndiye posta yetu, kwa hiyo hilo la "upesi" tusilitegemee sana. Hongera kwa mjukuu. Baba mdogo mpe pole, ila usimtafutie jino jingine.

Mimi nipo. Tumekaa kwenye kiwanda cha nguo kilichofungwa, na chumba changu ni iliyokuwa ofisi ya msimamizi, bado kuna saa ya ukutani iliyosimama. Kazi naifanyia ndani ya kontena. Nimepanga vichwa vya mpira kwenye rafu, vyote vina upara, na mama anayefagia amekataa katakata kuingia. Ananipa ufagio mlangoni.

Waambie wazee kuhusu magoti: mzimu unaigizwa na kijana wa sarakasi aliyevishwa ngozi ya mpira. Magoti ni yake. Mwongozaji wetu anaamini watu wa siku hizi hawaogopi kitu kinachokwenda polepole. Mimi naona kinyume chake. Kinachokuja mbio kinakupita. Kinachokuja polepole unakaa nacho.

Habari za sehemu ya nne siwezi kukuambia hata neno, nimetia saini. Lakini za zamani ni ruhusa. Mimi nasema sehemu ya kwanza ilitisha kwa sababu hatukujua yule mgeni anataka nini. Sehemu ya pili wakatueleza. Sehemu ya tatu wakayaeleza yale maelezo. Ukishaujua ukoo wote wa mzimu mpaka mjomba wake, huyo si mzimu tena, ni jirani. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kila mwendelezo ni tamaa tu. Kuna watu kwenye filamu unawaacha wamekaa ukingoni mwa kitanda, wanatetemeka, na maandishi yanaanza kupita. Unataka kujua waliamkaje kesho yake. Hilo silioni kuwa kosa.

Muulize Bibi Mkutubi kama ameitazama Tangi la Jirani. Nadhani ndiye yule bibi uliyeniambia kwa simu kwamba anawasomea wenzake riwaya iliyozaa filamu hiyo. Mimi filamu imenikaa moyoni, na niko tayari kuzozana naye kwa barua.

Nisalimie mama. Kazi imenibana, si unajua.

Kijiti


25 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa, na safari hii mboga zenu hazihusiki. Barua hii nimeianza mara kadhaa nikaichana.

Kwanza salamu. Mtoto wa kaka yako kapewa jina zuri la kiukoo na hakuna anayelitumia, wote wanamwita King'ora. Baba yako mdogo sasa anatafuna upande mmoja na kulalamika pande zote mbili.

Tangi la Jirani tumeitazama. Bibi Mkutubi alikuja na kitabu chake kwapani kama mtu anayekwenda mahakamani. Anasema kwenye kitabu ndani ya lile tangi hamna kitu, kinachotisha ni majirani wanavyoamini kwamba kimo. Kwenye filamu mkono umetoka kabla hata hatujawajua majina majirani wenyewe. Akainuka, akatoka. Baadaye kidogo akarudi, kwa sababu chai ilikuwa inagawiwa, akabaki mpaka mwisho. Kisha ile sehemu baba anapoita jina la mwanawe tangini, na tangi likajibu kwa sauti ya mtoto lakini kwa kuchelewa, nilimwona anafungua kitabu kutafuta. Hakuipata. "Haimo," akasema. "Ilipaswa kuwemo." Alinuna mpaka Jumatatu. Anasema usimwandikie, hayuko tayari.

Sehemu ya pili ya ile yenu walilala wote, hata Mzee Dereva.

Sasa nikae vizuri.

Jumamosi iliyopita tulitazama sehemu ya tatu, na mama yako alikuwemo ukumbini. Hakuja kutembea. Tangu Januari mama yako anaishi hapa kwenye nyumba ya wazee, chumba cha pili kutoka jikoni, dirisha lake linatazama bustani. Sikukuambia. Nikiwa kazini alikuwa anatoka nyumbani. Siku moja walimkuta kituo cha mabasi na ule mkoba wake wa ukunga, anauliza njia ya kwenda kwa mwanamke anayejifungua. Hakuumia, watu walimheshimu. Lakini kumfungia ndani dada yangu mwenyewe kwa funguo nilishindwa. Hapa kuna watu wa kumwangalia, na mimi nipo kuanzia asubuhi.

Basi tukafika pale mzimu unaposimama nje ya mlango, mkono mmoja tumboni, anaguna. Ndani wale watu wanasukuma kabati kuziba mlango. Mama yako akasimama.

"Mfungulieni huyo," akasema. "Mbona mnamwacha nje? Hamsikii ana uchungu?"

Mzee Dereva akamwambia kwa upole, "Mama, huyo ni mzimu."

"Hata kama. Wekeni maji motoni."

Hakuna aliyecheka. Akanigeukia mimi. "Na wewe umesimama tu. Kamshike mkono."

Nilikwenda, mwanangu. Nilitembea mpaka chini ya skrini, nikasimama pale kando ya kabati la vikombe, nimeinua mkono. Ningefanyaje? Akaridhika, akakaa.

Na pale karibu ndipo nilipouona vizuri ule uso. Yale mashavu, lile kovu dogo juu ya nyusi. Ni uso wa dada yangu. Wengine hawakuona, au waliona wakanyamaza. Sikuulizi kwa ubaya. Nakuuliza tu.

Mama yako mdogo


9 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo.

Tangu Januari. Ukaniandikia "hajambo, anakula", na mimi nikaamini kwamba anakula mezani kwako.

Nilitakiwa niambiwe. Mimi ni mtoto wake, si mtazamaji.

Kuhusu uso, sina la kusema kwa sasa.

Kijiti


18 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hasira yako nimeipokea, nimeipa kiti, imekaa. Una haki nayo.

Lakini ngoja na mimi niseme langu. Kwenye barua yako ndefu ulinijibu habari za jino la baba yako mdogo. Ulinijibu habari za magoti ya mzimu. Mama yako ukamtumia salamu kama mtu anavyomtumia mwalimu mkuu. Nikasema moyoni, huyu akitaka kujua atauliza. Hukuuliza, sikusema. Hapo tumefanana, na wala si ajabu, tumetoka nyumba moja.

Na najua kwa nini huulizi. Mara ya mwisho ulipokuja alikuita nesi, akakuomba umwitie binti yake, nawe binti mwenyewe umesimama mbele yake. Ulitoka ukaenda kusimama uani, ukaniambia moshi wa jikoni umekuingia machoni. Siku ile hatukuwa tumewasha jiko. Uliondoka kabla ya chakula na mimi nikakuacha uondoke.

Sasa sikiliza habari nzuri, maana zipo. Tangu Jumamosi ile watu wote hapa wanamwita Mkunga, na yeye anaitika. Ameamka, sijui nisemeje. Asubuhi anapita vitanda vyote anauliza nani amelala vibaya. Wafanyakazi tulitaka kumzuia, tukaona tunajisumbua, na wazee wenyewe wanamsubiri. Bibi Mkutubi, ambaye hapendi kuguswa na mtu, anamruhusu amshike tumbo. Mzee Dereva alimpelekea mkono apimwe mapigo, mama yako akahesabu, akamwambia, "Bado. Rudi mwezi wa nane." Mzee wa watu anatembea na hilo neno kila mahali. Akiambiwa ainue ndoo anasema Mkunga amemkataza vitu vizito.

Mengi ameyasahau, sitakudanganya tena. Jina langu linakuja na kuondoka. Lakini anacheka, Kijiti. Anakula na kuomba tena.

Njoo. Huenda asikujue. Njoo hivyo hivyo.

Mama yako mdogo


21 Juni

Mama mdogo,

Shikamoo, na unisamehe ukimya. Barua yako niliisomea ndani ya kontena, nikacheka kwa sauti pale penye habari za Mzee Dereva, yule mama wa ufagio akakimbia.

Kaka ameniandikia pia, ametuma picha ya King'ora. Ana paji la uso kama la mama, sisi wengine wote tumelikosa.

Uliniuliza kuhusu uso. Nilipoajiriwa, mwongozaji aliniambia, "Nitengenezee uso unaokutisha wewe mwenyewe." Wiki ile ndiyo nilikuwa nimetoka huko kwenu, mama aliponiita nesi. Mikono ilifanya yenyewe, na nilipomaliza nikajua ni nani, na nikauacha. Nilichokuwa nakiogopa si mama. Ni yeye kunitazama asinione. Ni hivyo tu, sina maelezo zaidi.

Sasa nikupe habari za huku, zile zinazoruhusiwa. Mwisho wa filamu ulikuwa umetushinda. Tuliupiga, ukakataliwa, tukaupiga tena, ukafanana na mwisho wa sehemu ya tatu. Mwongozaji ni mtu wa kutafuna njiti za kiberiti akiwa na mawazo, na wiki zile alikuwa anamaliza kiberiti kizima. Siku moja wakati wa chakula akatuuliza sote mezani, mafundi, waigizaji, mpishi: mnataka nini kitokee? Wengine wakasema auawe. Wengine wakasema asiuawe, ili pawe na sehemu ya tano. Mimi nikamsimulia ukumbi wenu. Skrini, kabati la vikombe, wewe umeinua mkono.

Akaacha kutafuna. "Alisema wekeni maji motoni?"

"Ndiyo."

"Filamu zote hizi," akasema, "na hakuna hata mtu mmoja aliyefungua mlango."

Mtayarishaji akaingiwa na hofu. Alisema mlango ukifunguliwa biashara imekwisha. Walizozana siku kadhaa, na mimi kazi yangu si kuandika filamu, nilikaa na vichwa vyangu. Mwishowe mwongozaji akaja kontenani akaniambia niandae ule uso kwa mara ya mwisho. Nikamwambia siuandai. Nikamwambia sababu. Nilidhani atanifukuza. Alikaa kwenye ndoo yangu ya plasta iliyofunikwa, akaniambia kwamba baba yake naye humwita kwa jina la kaka yake aliyefariki. Yeye anaitika, basi. Siku hiyo hiyo nikaivunja kalibu niliyomiminia mpira wa ule uso.

Wakamleta mwigizaji wa jukwaani, mama mtu mzima kweli, mwenye uso wake na magoti yake. Mimi nilimpaka unga kidogo na kumlegeza nywele, nikamaliza. Kutoka ngazi mpaka mlangoni alichukua muda wake. Hakuna aliyekohoa. Nimefanya kazi hii miaka, nimeona damu ya bandia kwa ndoo, na sijawahi kuogopa namna ile, halafu nikaacha kuogopa nikiwa bado natazama. Fundi sauti alikuwa anajifuta macho, kisha akapiga chafya, ikabidi turudie yote. Yule mama akarudi juu akashuka tena bila kulalamika.

Kilichoko nyuma ya mlango siwezi kukuambia. Saini ni saini.

Nimepewa ruhusa. Nitakuja wiki ya kwanza ya Julai. Usimwambie mama kwamba binti yake anakuja, asije akawa anasubiri mtu mwingine. Niache niingie tu.

Mwanao,
Kijiti


19 Julai

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimefika salama, simu imerudi getini, nimerudi kwenye kalamu. Mwambie baba mdogo zile karanga alizonipa sikufika nazo zote, nilikuwa na njaa. Mwambie Bibi Mkutubi kwamba bado nasema filamu ya Tangi la Jirani ni nzuri, na kwamba kitabu chake nimekianza kwenye basi, nikakifunga kabla ya giza kwa sababu nilikuwa nimekaa peke yangu kiti cha nyuma.

Kuhusu kazi: ni kweli tayari wanazungumzia sehemu ya tano. Sijui watatoa wapi cha kusimulia, na bado nitaitazama. Wameniomba niwemo. Nimewaambia nitafanya kama nitapata wiki moja kila mwezi ya kuwa huko kwenu. Mtayarishaji alikunja uso, mwongozaji akasema iandikwe kwenye mkataba. Imeandikwa. Kwa hiyo nitafutie godoro, lile la kaka lina shimo katikati.

Uliponisindikiza getini uliniuliza ilikuwaje nilipoonana na mama, nikakujibu kwamba tulizungumza tu. Wewe ulikuwa jikoni, hukuona, kwa hiyo nakuandikia.

Nilimkuta amekaa kitandani, anakunja taulo. Akanitazama.

"Wewe ni nesi mpya?"

Safari hii sikutoka. Nikasema, "Hapana, mimi ni mpambaji. Kazi yangu ni nyuso za watu."

"Basi shughulikia huu," akasema. "Umechoka."

Nikavuta kiti. Nikanawa, nikafikicha viganja mpaka vikapata joto, kama ninavyofanya kwa kila mwigizaji kabla sijamgusa. Nikaanza na paji la uso, nikashuka kwenye mashavu. Nilipita juu ya lile kovu kwa kidole gumba. Ule uso nilikuwa nimeuchonga kwa kukumbuka, mama mdogo, na nilikuwa nimekosea vitu vingi. Ni laini. Kando ya mdomo una mistari miwili ya kucheka ambayo mimi sikuiweka kabisa. Akafumba macho.

"Mikono yako ina joto," akasema. "Wengine humu wanakushika na barafu. Nani alikufundisha?"

"Mama yangu. Alikuwa anasema mtu asishikwe kwa mkono wa baridi, sembuse anayezaliwa."

Akafikiri kidogo, macho bado kafumba.

"Huyo anaijua kazi," akasema. "Yuko wapi siku hizi?"

"Yupo. Leo nimemwona."

"Ukimwona tena nisalimie."

Nikamwambia nitamsalimia. Akanigeuzia shavu la pili.

Mwanao,
Kijiti